Kicheza muziki, simu au kishikwambi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maoni ya watumiaji

Ukisoma maoni ya wanunuzi kabla ya kuchagua kifaa cha kusikilizia muziki, utakutana na jambo linalochosha kichwa: kifaa ni kilekile, huyu amekipa nyota tano, yule nyota moja, na ukiwasikiliza vizuri wote wawili wanasema kweli. Nimesoma maoni ya aina hii kwa miaka mingi, nimeandika ya kwangu, na ndugu na marafiki wamezoea kuniuliza kabla ya kutoa hela. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: maoni ya mtu yanakufaa pale unapojua alikuwa anakitumia kifaa kwa kazi gani na amekaa nacho muda gani. Bila mambo hayo mawili, nyota ni pambo tu.

Simu ninayo. Kicheza muziki cha nini tena?

Kama muziki wako wote unausikiliza kwenye huduma za mtandaoni, hujawahi kuishiwa chaji njiani, wala huudhiki simu inapoita katikati ya wimbo, basi usinunue. Simu inakutosha, na yeyote anayekushawishi vinginevyo anakutafutia gharama.

Lakini wapo ambao kicheza muziki bado kinawafaa sana. Wa kwanza ni wenye nyimbo zao wenyewe: waliozitoa kwenye CD wakaziweka kwenye kompyuta, waliorekodi kwaya yao, wanaotunza hotuba na masomo ya lugha. Wa pili ni wanaokimbia au kufanya kazi za mikono, kwa sababu kifaa chenye uzito wa kiberiti hakiwasumbui mfukoni. Wa tatu ni wanaotaka kulala na muziki bila kuwa na simu kitandani.

Niwaeleze tofauti yenyewe ilivyo mkononi. Kicheza muziki chenye vitufe kiko mfukoni. Mkono unaingia, kidole gumba kinapapasa kitufe chenye kinundu, kinabonyeza, wimbo unasimama. Hukutazama kitu. Kwa simu unaitoa, unawasha kioo, unafungua kwa alama ya kidole, unakuta ujumbe kutoka kazini, unaujibu, kisha unajiuliza ulikuwa umetoa simu kufanya nini. Watu wengi wanaosifu vicheza muziki vidogo huandika kuhusu "utulivu", na wasomaji hudhani ni maneno matupu. Wanachosifia ni hicho kidole gumba.

Kwa nini kifaa kimoja kinasifiwa na kupondwa kwa wakati mmoja?

Kwa sababu wanaoandika hawazungumzii kitu kimoja. Chukua kicheza muziki kidogo cha bei ya chini. Wa kwanza amekifungua jana, kimewaka, sauti imetoka, amefurahi: nyota tano. Wa pili kimemfikia kikiwa na boksi lililobondeka: nyota moja, na kifaa chenyewe hakukigusa katika maelezo yake. Wa tatu ana nyimbo elfu nane na amegundua kwamba kila akiongeza albamu kifaa kinakaa dakika kadhaa kikipanga upya orodha: nyota mbili. Wa nne anamsikilizisha mtoto hadithi thelathini tu, hajawahi kuona kasoro hiyo wala hataiona.

Isitoshe, aliyeridhika kwa kiasi huwa haandiki. Anayeandika ni aliyefurahi sana au aliyekasirika sana. Ndiyo maana mimi huanza na nyota tatu. Mtu wa nyota tatu kwa kawaida amekaa na kifaa, amekipenda mahali na kuchoshwa nacho mahali, na anaweza kukuambia ni wapi. Baada ya hapo naenda kwenye nyota moja kutafuta lalamiko linalojirudia. Watu kumi wasiojuana wakisema tundu la hedifoni lililegea baada ya miezi sita, tundu hilo ni bovu, hata wastani uwe nyota nne na nusu.

Maoni ya kulipiwa nitayatambuaje?

Hakuna alama moja ya uhakika, ila kuna dalili. Sifa zisizotaja jambo lolote la kifaa ("bidhaa bora kabisa, nimeipenda, nunueni") zikimiminika ndani ya siku chache, tia shaka. Maoni yanayorudia jina kamili la bidhaa kama tangazo, tia shaka zaidi. Na kuna ujanja ambao wengi hawaujui: muuzaji anachukua ukurasa wa bidhaa ya zamani uliokwisha kukusanya sifa, anabadilisha picha na jina, anauzia kitu kingine. Teremka hadi maoni ya zamani kabisa. Ukikuta watu wanasifia kava la simu kwenye ukurasa wa kicheza muziki, ondoka.

Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitunga kanuni inayopiga marufuku kuuza na kununua maoni ya uongo, nayo ilianza kufanya kazi Oktoba 2024. Kanuni hiyo inasaidia, lakini macho yako bado yanahitajika.

Je, iPod, kicheza muziki cha Apple, ilishinda wenzake kwa sababu ya sauti?

Hapana, na kisa chake kinafundisha namna ya kusoma maoni, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Sony walitoa Walkman ya kaseti Julai 1979, na watu wakazoea kutembea na muziki wao. Mwaka 1998 vikaja vicheza MP3 vya kwanza sokoni, MPMan ya kampuni ya Saehan ya Korea Kusini na Rio PMP300 ya kampuni ya Diamond. Vyote vilikuwa na nafasi ya MB 32, yaani kama nusu saa ya muziki uliobanwa kwa kiwango cha kawaida cha siku hizo. Chama cha kampuni za kurekodi muziki cha Marekani kiliishtaki Diamond kikitaka Rio izuiwe, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikaipa Diamond ushindi. Mlango ukawa wazi. Mwaka 2000 Creative wakatoa Nomad Jukebox yenye diski ya GB 6, ila umbo lake lilikuwa sawa na kicheza CD.

Apple walipotangaza iPod, Oktoba 23, 2001, ilikuwa na GB 5 na ahadi ya nyimbo 1,000 mfukoni. Wapo walioidharau siku ileile: haina mawasiliano ya bila waya, nafasi yake ni ndogo kuliko ya Nomad. Ukitazama orodha ya sifa peke yake, walikuwa sahihi kabisa. Walichokuwa hawajakifanya ni kuishika. Gurudumu lilimfikisha mtu kwenye wimbo wa mia tisa kwa mzunguko mchache wa kidole, na waya wa FireWire ulihamisha albamu kwa sekunde, wakati vicheza vingi vya siku hizo vilitumia USB ya kwanza iliyokuwa ikijikokota. Aprili 2003 likafunguliwa duka la iTunes, na kununua wimbo mmoja mmoja kukawa rahisi.

Washindani nao walikuwa na hoja nzito. Mashabiki wa Sansa, vicheza muziki vya SanDisk, walisema: sisi tuna redio ya FM, tuna nafasi ya kadi, na tunaburuta mafaili bila programu maalumu. Kweli tupu. Mashabiki wa Zune ya Microsoft, iliyoingia sokoni Novemba 2006, walisifia kioo kikubwa na uwezo wa kumrushia mwenzako wimbo bila waya. Wimbo huo, hata hivyo, ulichezeka mara tatu au kwa siku tatu, kisha ukafungwa, na ilikuwa vigumu kumpata mwenzako mwenye Zune nyingine. Halafu Desemba 31, 2008 Zune za GB 30 ziliganda kwa pamoja, kwa sababu programu ya saa ndani yake haikujua kuhesabu siku ya 366 ya mwaka mrefu. Aliyenunua Zune siku iliyotangulia na aliyeinunua miaka miwili kabla walikuwa na maoni tofauti sana wiki hiyo.

iPod yenyewe iliuawa na ndugu yake. iPhone iliingia sokoni Juni 2007, ikawa simu na kicheza muziki kwa pamoja, na toleo la mwisho la iPod, iPod touch, Apple walitangaza kulisitisha Mei 2022.

Mashabiki wa iPhone na wa Android hawaachi kubishana. Nimsikilize nani?

Kwa upande wa muziki, sikiliza wanaotaja mambo haya, mengine waachie wao.

Mafaili: kwenye Android unachomeka waya, unaburuta folda ya nyimbo, umemaliza. Kwenye iPhone, ili nyimbo ziingie kwenye programu ya muziki ya simu yenyewe, unapitia programu za Apple kwenye kompyuta. Aliyekwisha kuzizoea haoni tabu, mgeni hupandwa na hasira siku ya kwanza, na utayaona maoni yote mawili.

Nafasi: iPhone haijawahi kuwa na sehemu ya kadi ya memori. Kwenye Android kadi zipo, lakini zinapungua kwenye simu za daraja la juu. Samsung waliiondoa kwenye Galaxy S21 mwaka 2021. Kwa hiyo maoni ya mwaka 2018 yanayosema "Samsung ya juu inakubali kadi" yameshapitwa na wakati. Angalia tarehe.

Sauti ya bila waya: kabla ya kurushwa kwa Bluetooth, sauti hubanwa, na iPhone hutumia mifumo ya kubana ya SBC na AAC. Android nyingi, tangu toleo la 8 la mwaka 2017, zina pia LDAC ya Sony inayofikia kilobiti 990 kwa sekunde. Ila hedifoni zako zisipokuwa na LDAC, faida hiyo huipati.

Kipi kina sauti nzuri zaidi?

Hedifoni ndizo zinazobadilisha sauti kuliko kitu kingine chochote. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu nimeona watu wakinunua kicheza muziki cha gharama kubwa, wakachomeka hedifoni zilizokuja bure na simu ya zamani, kisha wakaandika kwamba wamedanganywa. Hawakudanganywa. Walianza mwisho badala ya mwanzo.

Simu nzuri ya leo, ikiwa na hedifoni za kawaida, inatoa sauti safi ambayo watu wengi hawataitofautisha na ya kicheza muziki cha hali ya juu. Vifaa vya kampuni kama Astell&Kern, FiiO na HiBy vinaonyesha thamani yake pale hedifoni zinapokuwa nzito kuziendesha, zile kubwa zinazofunika sikio na kuhitaji nguvu zaidi ya umeme. Hapo simu hupandishwa hadi mwisho na bado sauti ni nyembamba, besi haidundi. Kinyume chake pia hutokea: hedifoni ndogo zenye usikivu mkali zikichomekwa kwenye kifaa chenye nguvu nyingi, unasikia mvumo mdogo wimbo unapotulia.

Sasa tahadhari kuhusu wanaolinganisha. Kifaa chenye sauti kubwa kidogo tu kuliko mwenzake husikika "kizuri zaidi", hata kama vinginevyo vinalingana. Desibeli moja inatosha kulidanganya sikio. Mtu akikuambia kicheza hiki kina "hewa" na kile kina "joto", bila kueleza kama alisawazisha ukubwa wa sauti kabla ya kuvipima, chukua maneno yake kama hisia.

Nichague MP3 au FLAC?

Zote mbili ni namna za kubana mafaili ya sauti. Hesabu kwanza. Sauti ya CD ina sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, kila sampuli biti 16, mikondo miwili: jumla kilobiti 1,411 kwa sekunde, kama MB 10 kwa dakika. MP3 ya kilobiti 128 inachukua karibu MB 1 kwa dakika, ya kilobiti 320 kama MB 2.4. FLAC inabana bila kutupa chochote, na mara nyingi inapunguza ukubwa wa CD hadi karibu nusu.

Kutunza nyumbani, tumia FLAC, kwa sababu kutoka hapo unaweza kutengeneza chochote baadaye bila hasara. Kutembea nazo, MP3 nzuri ya kilobiti 256 au 320 inatosha, na nimejaribu kujipima mwenyewe bila kujua kipi ni kipi nikashindwa kutofautisha kwenye nyimbo nyingi. MP3 ya 128 ya zamani ndiyo inayoumbuka: sikiliza matoazi na makofi, yanasikika kama yamemwagiwa maji. Na ukisikiliza kwa Bluetooth, kumbuka sauti inabanwa upya kabla ya kurushwa, hivyo FLAC yako haifiki sikioni ikiwa kamili.

MP3 yenyewe haidaiwi tena leseni. Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, iliyoshiriki kuivumbua, ilifunga mpango wake wa leseni Aprili 2017.

Simu yangu haina tundu la hedifoni. Mbona adapta za waya zinalalamikiwa hivi?

Apple waliondoa tundu hilo kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na watengenezaji wengi wakafuata. Kuhusu adapta, tatizo ni kwamba zinafanana kwa umbo na kutofautiana kwa ndani. Zipo za USB-C zisizo na chochote ila waya: zinategemea simu itoe sauti iliyokwisha kugeuzwa kuwa umeme wa hedifoni. Simu nyingine hutoa, nyingine hazitoi. Zipo pia zenye kigeuzi chao ndani, kipande kidogo cha elektroniki kinachopokea tarakimu na kutoa sauti. Ukichomeka ya aina ya kwanza kwenye simu isiyotoa sauti, hupati kitu, unaandika "feki, haifanyi kazi". Jirani yako mwenye simu nyingine anaandika "nzuri sana". Tafuta iliyoandikwa wazi kwamba ina kigeuzi, yaani DAC, kisha soma maoni ya mwenye simu kama yako hasa.

Boksi limeandikwa saa 40 za chaji, watumiaji wanasema 20. Nani mkweli?

Pengine wote. Saa za kwenye boksi hupimwa katika mazingira ya raha: kioo kimezimwa, faili ni MP3 ya kawaida, sauti ya wastani, waya badala ya Bluetooth, betri mpya. Washa Bluetooth, weka mafaili makubwa, ruka nyimbo kila dakika huku kioo kikiwaka, saa zinayeyuka. Soma anayetaja alivyokuwa akisikiliza.

Umri nao ni jambo. Betri za lithiamu huchoka. Baada ya mizunguko mia kadhaa ya kujaza na kumaliza, nyingi hubaki na kama asilimia 80 ya uwezo wa mwanzo, na joto huziharakisha. Simu yenye betri iliyochoka bado unaichaji kila usiku kama desturi, hivyo huoni sana. Kicheza muziki kidogo kinapochoka unakiona mara moja.

Ninacho kimoja nilichokitumia zaidi ya miaka kumi, jina silitaji. Siku moja nilikitoa kwenye droo nikaona mgongo wake umeinuka upande mmoja, mwanya unaoweza kupitisha ukucha. Nilidhani kava limeachia, nikalibana kwa vidole. Likarudi kuinuka polepole, kama mkate unaoumuka. Ilikuwa betri imevimba. Ukiona hivyo usibane kama nilivyofanya, usichaji, usitoboe. Kizime, kiweke mbali na vitu vinavyoshika moto, ukipeleke kwa fundi au wanakopokea betri chakavu. Tangu siku hiyo, katika maoni yoyote ya kifaa kilichokaa miaka mitatu na kuendelea, neno la kwanza ninalotafuta ni "kuvimba".

Kishikwambi kinafaa kusikilizia muziki?

Cha kutembea nacho, hapana. Cha nyumbani, ndiyo, na kwa kujifunzia ala kinazishinda simu kwa mbali: nota zinasomeka ukiwa umekaa mbali nacho, na kurasa unazigeuza kwa kugusa. Tangu iPad ilipoingia sokoni Aprili 2010, sifa za wanamuziki zimekuwa hizohizo. Kabla ya kununua tazama kama kina tundu la hedifoni (iPad Pro ililipoteza mwaka 2018) na spika ziko upande gani. Spika zikiwa zote upande mmoja, ukikishika kwa kukilaza unaziba kwa kiganja.

Kadi ya memori: mbona wengine inawakubali na wengine inawakataa?

Sababu ni mbili kubwa.

Ya kwanza ni daraja la kadi. Kadi za microSDHC zinaishia GB 32. Kuanzia hapo ni microSDXC, ambazo hutoka kiwandani zikiwa na mfumo wa mafaili wa exFAT. Vicheza muziki vya zamani vingi havisomi exFAT. Mtu anachomeka kadi ya GB 64, kifaa kinasema hakuna kadi, anaandika kwamba kifaa ni kibovu. Mwingine anaiandaa upya kadi ileile kwa mfumo wa FAT32 kwenye kompyuta, na mara nyingi inakubali.

Ya pili ni kadi feki. Kadi ya GB 8 inachezewa ndani ijitambulishe kama GB 256. Inanakili kila unachoweka bila kulalamika, lakini baada ya nafasi halisi kujaa, nyimbo mpya zinafuta za zamani au zinahifadhiwa hewani. Unakuja kugundua wiki kadhaa baadaye, nusu ya albamu ikikwaruza au kukataa kucheza. Kadi ikifika, ijaribu siku hiyohiyo: programu za bure kama H2testw na F3 huijaza mwanzo hadi mwisho kisha kusoma zilichoandika. Inachukua saa kadhaa na inastahili kila dakika.

Nyimbo nilizopakua kwenye huduma ya kulipia kwa mwezi naweza kuzihamishia kwenye kicheza muziki?

Kwa kawaida hapana. Nyimbo hizo zimefungwa, zinachezeka ndani ya programu ya huduma hiyo tu na malipo yakiwa yanaendelea. Nyimbo ulizonunua moja kwa moja ni jambo jingine. Hata Apple waliondoa kufuli kwenye nyimbo za duka lao mwaka 2009. Malalamiko mengi ya "kicheza hakisomi nyimbo zangu" yanatoka hapa, na kifaa hakina kosa.

Basi ninunue kicheza muziki chenye Android, niweke programu hizo humo?

Inawezekana, na wengi wanafurahi. Lakini hapa ndipo ninapoona sifa za siku ya kwanza zikigeuka kilio mwaka wa tatu. Vifaa hivi mara nyingi hutoka na toleo la Android lililokwisha kuzeeka, kichakataji dhaifu, na masasisho machache. Programu za muziki zinaendelea kubadilika, siku moja inakuambia toleo lako halikubaliki tena. Linganisha: Google wameahidi masasisho ya miaka saba kwa Pixel 8 ya 2023, na Samsung vivyo hivyo kwa Galaxy S24 ya 2024. Sijaona ahadi ya namna hiyo kwenye vicheza muziki nilivyowahi kushika. Kama sababu yako kubwa ni huduma za mtandaoni, simu ina maisha marefu zaidi. Kicheza kisicho na Android, kinachosoma mafaili tu, hakina cha kupitwa na wakati isipokuwa betri yake.

Watu wanasema sauti ni ndogo mno. Ni kasoro?

Mara nyingi ni kanuni. Katika Umoja wa Ulaya, vicheza muziki na simu hutakiwa kuonya sauti inapovuka desibeli 85, na kutozidi 100. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko hilo kinaweza kusikika kidogo kuliko ndugu yake wa soko jingine.

Na kabla ya kulalamika, fikiria masikio. Shirika la Afya Duniani linaweka kipimo cha usalama cha mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa watoto desibeli 75. Kila desibeli tatu unazoongeza zinakata muda huo nusu, kwa hiyo ukifika 90 umebakiwa na saa nne tu za wiki nzima. Nimekaa na watu wanaosikia mlio masikioni usiku kucha. Hauzimiki kwa kitufe, na hakuna besi inayolingana na gharama hiyo.

Kilichotumika, je?

Simu ya zamani inayolala kabatini ndiyo kicheza muziki cha bei nafuu kuliko vyote: toa laini, futa programu zisizohusika, jaza nyimbo, iweke katika hali ya ndegeni. Betri itashangaza.

Ukinunua kicheza kilichotumika, chomeka hedifoni na uuzungushe mkia wa waya kwenye tundu wimbo ukiwa unacheza. Sauti ikikatika upande mmoja, tundu limechoka. Bonyeza kila kitufe. Kama ni iPod yenye diski, iweke sikioni: diski ikitoa mlio wa kugonga, inaelekea kufa, ingawa mafundi hubadilisha diski hizo kwa kadi za memori na zinarudi nyepesi na kimya.

Nikitaka kuandika maoni yanayomsaidia mwenzangu, niandike nini?

Subiri angalau miezi mitatu. Taja muda uliokaa nacho, hedifoni ulizotumia, aina na wingi wa mafaili, na jambo moja linalokuudhi hata kama unakipenda. Ya mwisho niliyoandika mimi ilikuwa hivi:

"Nimekitumia miezi 14, karibu saa mbili kila siku, kwa waya, MP3 za 320, nyimbo kama 3,000 kwenye kadi ya GB 32. Chaji ilikuwa inafika siku tisa, sasa ni saba. Kitufe cha kuongeza sauti kimekuwa kigumu tangu mwezi wa kumi, lakini bado kinafanya kazi. Kinasahau mahali kilipoishia kwenye mafaili marefu, hivyo kwa vitabu vya kusikiliza hakifai. Kwa muziki ningekinunua tena. Nyota nne."